Taarifa Yangu ya Mwezi wa Sita

Mchungaji, fomu hii ina mstari mmoja tu:
*Idadi ya walioletwa kwa Bwana.*
Mwenzangu Asegelile ameandika kumi na wanne.
Kwangu kalamu imegoma, wala si wino ulioisha.

Niliondoka alfajiri kwenda Kikondo.
Ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa,
umande umeganda, chumvi tupu juu ya majani ya viazi.
Nilikuwa na vipeperushi, na spika ile ya kamati,
na sauti yangu ya teno mnayoisifu.
Sikuvitumia.

Kazi yangu unaijua. Miaka tisa nanunua viazi.
Gunia la madebe sita nalishindilia nane,
juu nalisuka kwa kamba, linavimba kilemba
kama bwana harusi,
nalipa bei ya gunia.
Lumbesa. Kila mtu hufanya, nilijiambia,
na Jumapili nikasimama safu ya pili ya kwaya
nikaimba haki ya Mungu
bila koo kukwama.

Lilikwama Mei, Jumatano moja,
bila mahubiri, bila ndoto, bila radi.
Mwanangu alikuwa mezani na hesabu zake,
kachukua daftari langu la manunuzi:
"Baba, madebe nane toa sita, yanayobaki ni ya nani?"
Nikamwambia aandike mawili.
"Nimeshaandika. Nauliza ni ya nani."

Usiku ule nilipiga magoti uani, penye tairi la Fuso,
baridi ikinipanda kutoka ardhini hadi kwenye meno.
Maombi marefu ninayoyajua yalinikimbia yote.
Nilisema tu: Yao. Si yangu.
Nikakaa hapo mpaka jogoo wa jirani akachoka kuwika.

Basi Kikondo.
Kwa Mama Atupele aliyenipokea ni mbwa.
Mwenyewe alikuwa akipalilia, mgongo hakuunyoosha.
"Umekuja kununua au kuhubiri?
Maana mara ya mwisho ulifanya yote mawili kwa mkupuo mmoja."

Nikaweka bahasha juu ya tuta.
Akalowesha kidole gumba, akahesabu noti moja moja,
mimi nimesimama kama mwanafunzi mchelewaji.
"Umesahau mwaka wa mvua kubwa," akasema.
"Magunia matatu."
Kweli. Nikafungua pochi.

Hapo ndipo aliponitazama.
"Nani kakutuma?"

Mchungaji, aya zote nilizokariri njiani
zilibaki huko huko njiani.
Likatoka jina moja, tena kwa kigugumizi,
Yesu,
kama mtoto anayemtaja mwenye dirisha alilovunja.

Akanyamaza. Kunguru wakapita. Akanyamaza tena.
"Huyo nilimwacha siku ile uliponipimia
ada ya Atupele ikapungua.
Nilidhani ninyi wawili mna ubia."

Sikuwa na jibu. Hata sasa ninapoandika sina.
Akanisogezea jembe la pili.
Tukalima mpaka jua likapasua ukungu,
yeye tuta lake, mimi langu, nyuma yake mbali,
kisha tukala viazi vya kuchemsha, sufuria moja,
kikubwa akachukua yeye, na ilikuwa haki.
Ya Jumapili hakuyataja. Nami sikumwalika.

Nilipofika kwenye mipareto akaniita:
"Huo wimbo uliokuwa ukiupigia mluzi
una maneno?"
Nikasema unayo.
"Siku ukirudi uje nayo. Na jembe lako mwenyewe."

Kwa hiyo mstari wako nimeuacha wazi, unisamehe.
Geuza fomu. Nyuma nimeorodhesha nyumba zilizobaki,
thelathini na nane, toka Kikondo mpaka Isyonje,
na deni la kila moja mbele ya jina.
Spika nairudisha, betri zake ni nzima.
Kama kamati ina jembe, naomba kuazima.